Wenye Nyumba Wangu

Sogea kidogo hapo kwenye benchi, jirani, nami nikae. Taratibu. Paja la kulia leo halitaki ubao. Usiulize sasa hivi, utajua tu, na hilo lina foleni yake. Mangi, nipe maji ya jero. Nakulipa hapa hapa, usinune.

Hebu nikuulize. Mtu ukinunua kiwanja, ukalipa mpaka hela ya soda ya mashahidi, ukapanda mpera, ukapanda mlimao, ukapanda mipapai, ukanunua na keni ya kumwagilia. Hapo mwenye nyumba ni nani? Ni wewe, au siyo? Basi kwangu huku Chanika siyo mimi. Kwangu mwenye nyumba ni nyuki. Nyuki akitoka, anakaimu nyigu. Nyigu akipumzika, kuna maji moto juu ya mwembe, wale wekundu wanaoshona majani, wanakudondokea shingoni bila hodi. Mimi jina langu liko kwenye karatasi ya mauziano tu.

Na huo mwembe ndio ulioniponza. Embe dodo. Dalali alinileta msimu wenyewe, jioni, jua limepoa, akanikalisha kivulini akanimenyea moja. Tamu, jirani. Tamu mpaka nikasahau kuuliza gari linapita wapi. Asubuhi hakunileta. Dalali ana akili zake, asubuhi ningeona. Dodo likiiva halisubiri mtu. Linaanguka, linapasuka, kufika kesho yake limeshachachuka, na chini ya mti panakuwa grosari. Wanakuja nyuki. Wanakuja nyigu. Wanakuja mpaka vipepeo. Wote wamelewa, wote wanatafuta ugomvi, na anayetumwa kufagia ni mimi. Peku. Kandambili zangu kavaa mtoto, kaenda nazo madrasa.

Umeshawahi kumkanyaga nyigu mlevi? Sikuombei.

Sasa nyumba ya pili yupo mwalimu mstaafu. Mtu mzuri, shikamoo yake naitoa kila asubuhi, lakini ana ugonjwa wa kufundisha. Kastaafu yeye, chaki haijastaafu. Ukimpelekea malalamiko anakurudishia somo. Nikamwendea nachechemea, nikamwambia Mwalimu, nyuki wananimalizia embe. Akavua miwani. Akivua miwani ujue kengele imegongwa. Akasema nyuki hana uwezo wa kutoboa ganda la embe zima, mdomo wake haukuumbiwa kazi hiyo. Wanaofungua ni popo na ndege, au embe linapasuka lenyewe, nyuki anakuja kumalizia mabaki. "Kwa hiyo, kijana, usimsingizie."

Nimsingizie! Unyayo umevimba wangu, halafu mimi ndiye niliyemsingizia.

Hakuishia hapo. Akaniinua mguu, akauchungulia, akasema na aliyekuchoma siyo nyuki, ni nyigu, maana mwiba haujabaki. Kumbe kuna taratibu zake. Mwiba wa nyuki una vijimeno, ukizama kwenye ngozi ya mtu hautoki, anauacha humo pamoja na kifuko cha sumu na utumbo juu, anakufa. Na kile kifuko kinaendelea kusukuma sumu, mwenyewe keshakufa! Jirani, hiyo ndiyo chuki. Ndiyo maana wanakwambia ukwangue upesi, kwa kucha, kwa kadi, kwa chochote, usikae unatafuta kibano. Nyigu yeye mwiba wake ni laini. Anachoma, anachomoa, anachoma tena, anakwenda zake kula. Tena wanaochoma ni majike peke yao, nyuki kwa nyigu. Madume hayana mwiba kabisa, yapo yapo tu.

Hapo mama watoto, aliyekuwa pembeni anapepeta mchele, akacheka. Sijui alicheka nini. Sikuuliza.

Basi nyuki nina ugomvi naye. Lakini nyigu nina kesi naye. Wale wembamba, kiuno hakipo, miguu inaning'inia wakiruka. Walikuja wakajenga kwenye upenu wa choo cha nje, juu kabisa ya mlango. Si unajua nyumba zao zile za karatasi? Hiyo karatasi wanaitengeneza wenyewe. Wanakwangua mbao, wanatafuna, wanachanganya na mate, wanapaka. Na mbao ni ya nani? Ya mlango wangu. Ukikaa chooni umetulia unawasikia kabisa nje huko, krr, krr, krr. Mlango niliununua mimi, fundi nilimlipa mimi, wao wanaula taratibu wanajengea ghorofa juu ya kichwa changu. Kodi sijaona.

Ikaja siku ya kupigwa picha za vitambulisho kazini. Nimeamka alfajiri, nimenyoa ndevu, shati la bluu limepigwa pasi. Nikapita chooni. Mlango ukagoma kufunguka, nikausukuma kwa bega. Nyumba nzima ikatikisika, ya kwangu na ya kwao. Alishuka mmoja tu. Lakini alikuwa amedhamiria. Mdomo wa juu, hapa, katikati.

Dawa zikaanza kumiminika. Mama mkwe akasema kitunguu. Mtoto mkubwa akasema dawa ya meno. Kuna mtu alipita njia tu, simjui mpaka leo, akasema mafuta ya taa. Nikapakwa vyote. Nikapanda daladala nanuka kachumbari, kiti changu nikakaa peke yangu, na mdomo umefura kama andazi. Mpiga picha akaniambia bosi, tabasamu kidogo. Nikamwambia nimeshatabasamu.

Unadhani shida iliishia hapo? Shida ilianza uvimbe ulipoisha. Getini mlinzi anatazama kitambulisho, ananitazama, anatazama tena kitambulisho. "Mzee, huyu siyo wewe." Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita wa zamu ya usiku aliyekuwa anaondoka. Watu watatu wanaulizana kuhusu mdomo wangu, nyuma yangu foleni. Mpaka leo hii nikifika getini nauvuta mdomo mbele, hivi, ndio napita. Nikishaingia naurudisha. Kitambulisho hakibadilishwi mpaka kiishe muda wake.

Nikarudi kwa Mwalimu. Safari hii nilijipanga. Nikamwambia, haya, nyuki tumwache, nyuki ana asali, ana nta. Nyigu ana nini? Nitajie kitu kimoja. Tulikuwa tumekaa barazani kwake, mkewe katuletea ugali na kisamvu cha nazi, na mimi sijaona aibu, nimeshamega. Akavua miwani.

Akasema miaka ya 1970 kuna kidudu cheupe cha unga unga kiliingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini, kikaanza kunyonya mihogo. Majani yanajikunja, mti unadumaa, watu wanabaki hawana chakula, nchi baada ya nchi. Dawa za kupuliza wakulima wangetoa wapi? Mswisi mmoja, Hans Herren, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Ibadan kule Nigeria, akasema kidudu hiki kwao lazima kina adui. Wakatafuta huko kilikotoka, wakampata Paraguay. Adui mwenyewe ni nyigu. Kadogo, ukikaona utadhani ni vumbi. Kanataga yai ndani ya kile kidudu, kitoto kinaanguliwa humo humo, kinamla mwenyeji wake kwa ndani. Wakawaleta, wakawaachia tangu 1981, wengine kwa ndege, wanamwagwa kutoka juu. Mihogo ikapona. Herren akaja kuongoza kituo cha wadudu pale Nairobi, na mwaka 1995 akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

"Kwa hiyo hicho kisamvu unachotafuna," akasema Mwalimu, "ni hisani ya nyigu."

Nikabaki na tonge shavuni. Unamjibu nini mtu aliyekuzungusha Paraguay mpaka akakufikisha kwenye sahani yako? Na bado akaongeza kwamba hata hao wa chooni kwangu wanawinda viwavi kwenye mchicha wa mama watoto, wanawakatakata kuwapelekea watoto wao. Nikasema ahsante kwa chakula. Nikaondoka nikiwa nimeshindwa na nimeshiba.

Sijakwambia lile dudu jeusi. Jeusi, nene, likipita unainama. Hilo linatoboa kenchi. Tundu la duara, safi, fundi seremala wangu hajawahi kutoboa tundu safi namna ile, na unga wa mbao wote unadondokea kwenye chai yangu. Ukimwuliza Mwalimu anakwambia hilo nalo ni nyuki, tena usiliguse, pasheni ya njano inalitegemea hilo. Ua la pasheni limejengwa kwa watu wanene. Nyuki mdogo anapita chini anaiba utamu, chavua hata haimgusi. Lile jeusi likiingia mgongo unasugua juu, linabeba chavua, linapeleka kwenye mti mwingine. Kwa hiyo nikitaka juisi nitoe paa. Nikitaka paa nikanunue juisi. Nimechagua, naona mwenyewe jinsi dari linavyopungua.

Haya, matikiti. Hapa nashuka sauti maana kuna watu wanapita.

Nilisema msimu ule nilime matikiti nyuma ya nyumba, Ramadhani ikifika nauza, natoka kimaisha. Mbegu nikanunua za gharama, zile za kopo. Zikaota. Zikatambaa. Maua ya njano kibao. Na asubuhi asubuhi nyuki wamejaa, huwezi hata kuchota maji. Nikaenda duka la pembejeo nikasema nipe dawa kali. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia ya kali. Nikawa napuliza alfajiri, kabla ya jua. Si ndivyo wanavyofanya? Nyuki wakaisha. Shamba likawa kimya, safi, naingia na kutoka nimevaa kaptula.

Matikiti hayakuja.

Maua yapo. Majani yapo. Vinatokea vitikiti vidogo, gololi, vinakaa kidogo, vinakuwa vya njano, vinadondoka. Nikarudi kwa muuza mbegu nikamwaga maneno mbele ya wateja. Mbegu feki! Matapeli! Akaniitia bibi shamba wa kata aliyekuwa anapita. Binti mdogo, ana kofia ya pama na pikipiki. Shikamoo baba. Marahaba. Akaja mpaka shambani, akatembea, akageuza maua, akasimama. "Baba, nyuki wako wako wapi?"

Nikamjibu kwa kifua kabisa: "Nimewaua."

Akanyamaza. Akatazama pikipiki yake. Nadhani alikuwa anawaza arudi chuoni asomee kitu kingine. Kisha akanichuchumalisha akaanza kunionyesha. Eti maua ya tikiti yako mbalimbali, dume na jike. Jike ndilo lenye kitikiti kidogo chini yake, dume ni kikonyo tu. Mimi ningejua wapi? Shuleni nilichora ua moja, lina kila kitu humo humo, nikapata saba kwa kumi. Eti ua jike linafunguka alfajiri, ikikaribia mchana linafunga, na halifungui tena. Na chavua ya ua dume ni nzito, inanata, upepo hauibebi. Lazima nyuki aje, tena siyo mara moja, aje na arudi mara nyingi, la sivyo tikiti linadondoka au linakuja na kilema. Na mimi saa zile zile za kuja wao ndizo saa zangu za kupuliza.

Nikamwuliza, sasa dawa yake? Akasema ni wewe, baba.

Mimi?

Ndiyo. Mpaka nyuki warudi, kazi yao utaifanya wewe. Akachuma ua dume, akavua majani yake ya njano, akabaki na kile kikonyo chenye unga, akakisugua taratibu ndani ya ua jike. "Unaona? Kila asubuhi, kila ua."

Kwa hiyo vuta picha, jirani. Alfajiri, umande, mtu mzima na msuli, nimeinama kwenye matikiti nashika kikonyo, nasugua, nahamia jingine. Mgongo unalia. Na njia ya kutoka msikitini inapita ubavuni mwa shamba, uzio wenyewe ni wa matawi. Wazee wanatoka swala ya alfajiri, wananikuta. Asalaam alaikum. Waalaikum salaam. Kimya. Mmoja akashindwa kuvumilia: "Unafanya nini hapo?" Hebu niambie wewe ungejibu nini. Nilisema nayaozesha. Wakaondoka kwa haraka kidogo. Baadaye nikasikia mtaani wananiita Kadhi.

Na kazi yenyewe sikuiweza. Matikiti yalitoka, lakini chavua niliipaka upande mmoja mmoja. Yana viuno. Mengine yamepinda. Sokoni mama mmoja akaliinua, akaligeuza, akaniuliza kama ni kibuyu. Nikamwambia ni aina mpya.

Baada ya hapo dawa nikafungia stoo, maana mama watoto alichukua funguo. Nyuki wakaanza kurudi mmoja mmoja. Na ndipo ilipokuja ile ya pikipiki.

Ilikuwa mchana. Natoka kununua pumba, bodaboda kanileta mpaka mlangoni, kaegesha chini ya mwembe, nami natafuta chenji mfukoni, yaani najifanya natafuta. Mara sauti. Juu. Unaisikia kwanza tumboni. Wingu la nyuki likaja, likazunguka, likashuka. Bodaboda alitoka nduki na helmeti kichwani, simu kaacha. Nikamfuata. Nikampita. Tulipogeuka tukakuta kundi zima limetua kwenye usukani wa pikipiki, limening'inia, limetulia kabisa, kioo kimoja tu ndicho kinachoonekana.

Watu wakajaa. Mtaa wetu ukidondosha sufuria watu wanajaa, sembuse nyuki. Mzee mmoja akasema hawa siyo wa bure, hawa wametumwa. Akanigeukia. "Kijana, unadaiwa na nani?"

Jirani, hapo ndipo nilipotamani nyuki wanishukie. Watu wakaanza kutazamana. Wa kwanza kuongea alikuwa Mangi huyu huyu, eti "mimi sijamtuma mtu, lakini ile sukari kilo mbili..." Usijifanye husikii, Mangi, ulisema. Muuza mkaa naye akasema yeye hana mambo hayo, ila gunia ni gunia. Fundi cherehani. Mama wa vitumbua. Deni zangu zote zikasomwa hadharani, moja baada ya nyingine, mama watoto anasikiliza, mengine ndiyo anayajua leo. Na nyuki wametulia tu pale, wao hawakusema kitu.

Aliyeniokoa ni Mwalimu, kama kuokoa kunaitwa hivyo. Alifika, akawazuia vijana waliokuwa wanawasha matairi. Msiwaguse, hawa wako safarini. Malkia mzee kahama, ule mzinga kamwachia bintiye, kaondoka na kundi lake. Nyuki wakihama hivi wamejaza matumbo asali na hawana nyumba ya kulinda, mara nyingi hawana shari. Wametuma wapelelezi. Mpelelezi akipata pango anarudi, anacheza ngoma yake juu ya wenzake, ile ngoma inaonyesha upande na umbali, wengine wanakwenda kuhakiki, wakishakubaliana wanaondoka wote. Bila mwenyekiti! Sisi mtaani tumekaa vikao sijui vingapi kuhusu mtaro, mpaka leo maji yanaingia kwangu.

Na maadam watu walikuwa wamesimama, Mwalimu akaona darasa limetimia. Akavua miwani. Akasema msiwadharau, nyuki wetu ni wakali kuliko wa Ulaya, na dunia inawajua. Mwaka 1956 profesa wa Brazili, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na hapa Tanganyika, akawapeleka kwao, alitaka nyuki wa kuhimili joto. Mwaka 1957 kule Rio Claro makundi 26 yakatoroka. Yakaoana na wa kule. Yakapanda nchi moja baada ya nyingine, yakapita misitu, yakapita Panama, na mwaka 1990 yakaingia Texas, Marekani. Jirani, nina binamu yangu tangu namjua anatafuta viza ya kwenda huko huko. Hana hata mwiba, wanamkataa.

Bodaboda akaniambia mzee, stori nzuri, lakini mimi nadaiwa hesabu na bosi. Hesabu ya siku nzima. Nikamwambia nyuki siyo wangu. Akasema mti ni wako. Mashahidi wote waliokuwepo wakakubali kwamba mti ni wangu. Siku zote siyo wangu, siku hiyo ni wangu! Na lile kundi lililala pale, likaondoka kesho yake mchana.

Kwamba nilikimbia wameniimbia muda mrefu. Mwalimu akanifariji kwamba hata tembo anamkimbia nyuki. Kule Sagalla, karibu na Tsavo, Kenya, mtafiti Lucy King na wanakijiji wametundika mizinga kwenye waya kuzunguka mashamba, kila mita 10. Tembo akigusa waya mizinga inayumba, nyuki wanatoka, wanamlenga kwenye macho na ndani ya mkonga, anageuza na familia yake. Haya. Tembo ana tani tano, akikimbia nyuki ni utafiti wa kisayansi. Mimi kilo sitini na kidogo, nikikimbia ni kichekesho cha mtaa.

Ningesema yameisha. Lakini mama watoto alikuwa amesikia neno asali. Wiki hiyo hiyo kikundi chao cha kuweka na kukopa kikaleta mtu wa nyuki, na mtu wa nyuki akaleta mzinga, boksi tu la mbao, ndani wamepaka nta. Ukawekwa wapi? Kivulini, chini ya mwembe, pale pale nilipokuwa nakunywa kahawa. Nikasema nyuki hawatakuja kwenye boksi. Mimi nina chumba cha uani kina umeme, nimeweka tangazo, nimeweka dalali, wapangaji hawaji. Boksi halina hata dirisha, likajaa.

Jana usiku ndio tumerina. Wamerina. Mavazi ya kujikinga yalikuwa mawili, akavaa kijana wa nyuki, akavaa mama watoto. Mimi nikapewa bomba la moshi. Nikaingia ndani nikajifunika chandarua, nikatoka najiona niko kamili. Mama watoto akapiga kelele: "Vua hicho! Kina dawa, utawaua nyuki!" Sikiliza vizuri hapo. Chandarua kitaua nyuki. Nyuki wakiniua mimi, hakuna aliyeuliza. Nikapewa pazia la sebuleni, lile la maua.

Kijana akanielekeza, moshi unawafanya wakimbilie kujaza asali tumboni, na unafunika ile harufu yao ya kuitana vitani. Puliza taratibu. Nikawa napuliza. Akasimama ghafla, akanusa. "Baba, umekula ndizi?" Nikamwambia nimekula ndizi mbivu, kwani kula ndizi nyumbani kwangu nako kuna kibali? Kumbe ile harufu anayoachia nyuki akichoma, ya kuwaambia wenzake njooni hapa, inafanana na ya ndizi mbivu. Wafugaji hawali ndizi karibu na mzinga. Na suruali niliyovaa nyeusi, wao na rangi nyeusi hawapatani. Hayo yote ananiambia nimeshika bomba, mzinga uko wazi.

Wa kwanza aliingia pajani. Akishachoma mmoja, pale pale pananuka ile harufu, wanakuja wengine hapo hapo. Nilimaliza usiku kwenye banda la kuku, nimejikunja na pazia, jogoo ananitazama. Kupitia kwenye tundu nawasikia wanafanya kazi yao kwa utulivu, na yule kijana anamwambia mama watoto, "Unaona sasa imekuwa rahisi."

Leo asubuhi asali imepangwa mezani kwenye chupa, nyekundu, inang'aa. Nikanyoosha kidole nichovye. Nikapigwa kofi la mkono. Hiyo ni ya kikundi. Lita ni 15,000. Nikasema basi nipe nusu, ya kutia kwenye chai tu. Nusu ni 8,000. Nikauliza mbona nusu imepanda, nikaambiwa chupa. Nikalipa, jirani. Risiti ninayo.

Na wanaleta wa pili. Mzinga wa pili unakaa mlangoni kwa chumba cha uani, maana kile chumba kumbe hakitapata mpangaji. Nguzo nachimbia mimi. Kila mguu unakaa ndani ya kopo la oili chafu, siafu na sisimizi wasipande. Nimetumwa hiyo oili tangu saa tatu, kwa fundi pikipiki wa pale kona. Tatizo ni kwamba yule bodaboda anashinda pale pale kwa fundi, na ile hesabu yake hajaisahau. Wewe hakujui. Nenda na hiki kidumu, mwambie ni ya kwako. Ukirudi nitakuonjesha asali, kijiko kimoja, nimeinunua mwenyewe.